Mgeni Asiyeulizwa Mjomba Wake: Uhakiki wa Vipindi vya Mazungumzo vya Televisheni

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, mashairi na, mara mojamoja, filamu. Kipindi cha mazungumzo cha televisheni, kile ambacho mwanamuziki, mwigizaji au mtu mwingine mashuhuri hukaribishwa, huketishwa kitini, huulizwa habari za maisha yake na mwishowe huimba au hupigiwa wimbo wake, wamekiacha kipite kama upepo. Husemwa kuwa ni porojo, na porojo haihakikiwi. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Mwanafunzi wa sekondari wa Masasi au Newala ambaye hajapata kuona tamthilia jukwaani amekwisha kuona mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Hiyo ndiyo sanaa ya maonyesho anayoifahamu. Kumwambia kuwa haina fani wala maudhui ni kumwacha aimeze bila kuitafuna.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Katika mgahawa mmoja karibu na kituo cha mabasi cha Newala, yapata saa sita za mchana, televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya meza ya chapati. Mtangazaji wa kike, aliyevaa vizuri na kuchangamka, alikuwa akimhoji kijana mwimbaji. Wasikilizaji walikuwa vijana wanne wa bodaboda, mpishi, sisi, na bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akisubiri basi la kwenda Masasi. Kijana yule alisifiwa, akaulizwa juu ya gari lake, juu ya mchumba wake wa zamani, juu ya ugomvi wake na mwimbaji mwenziwe. Watu walicheka. Bibi alisikiliza kwa adabu hadi tangazo la sabuni lilipoingia, kisha akamwuliza mpishi: "Huyu mjomba wake nani?"

Vijana walicheka tena, safari hii wakimcheka bibi. Mpishi hakucheka. Alijibu, "Hawajasema, bibi." Naye bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani akakuta hakuna anayejua jina la marehemu.

Swali lile halikuwa la ushamba. Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao ndio wenyeji wa Masasi na Newala, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ndoa, jando na urithi wa mpwawe. Kumwuliza mtu mjomba wake ni kumwuliza: nani anayekujibia? Ukikosea nani tumwendee? Kipindi kile kilitumia karibu saa nzima kumweleza mtu, na katika muda wote huo hakikumfunga kwa yeyote isipokuwa wapenzi wake na maadui zake. Hapa ndipo tunapoiona kasoro ya kwanza ya fani hii. Humwonyesha mtu mashuhuri kama aliyejizaa mwenyewe.

Fani yenyewe ina historia, na mwalimu anayetaka kuifundisha hana budi kuijua. Ilikomaa Marekani. Mwaka 1961 mwimbaji Mike Douglas alianza huko Cleveland kipindi cha mchana kilichochanganya mazungumzo, nyimbo na wageni mashuhuri. Mbinu yake moja ilikuwa kumfanya msanii mmoja awe mwenyeji mwenza kwa wiki nzima. Februari 1972 kiti hicho kilikaliwa na John Lennon na mkewe Yoko Ono, na ndani ya wiki hiyo Lennon akaimba pamoja na Chuck Berry, mwanamuziki aliyekuwa amemhusudu tangu ujanani. Baadaye alikuja Oprah Winfrey, ambaye kipindi chake kilienea nchi nzima kuanzia 1986 hadi 2011 na kutazamwa hata na Waafrika wengi. Vipindi hivi vya mchana vilikusudiwa mtu maalumu, yaani mke aliyebaki nyumbani mumewe akiwa kazini, mwenye umeme, kiti, na fedha za kununua sabuni inayotangazwa katikati ya maneno.

Sasa tujiulize ni nani aliyebaki nyumbani mchana hapa kwetu. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaonywa mvua yote. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka genge kufuata maji bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na hata baada ya mabomba kuja zipo siku nyingi ambazo hayakutoa kitu. Mwanamke wa saa sita za mchana, msimu wa korosho, yuko chini ya mkorosho akiokota. Kwa hiyo kipindi kilichobuniwa kwa ajili ya mke aliyeketi nyumbani hutazamwa hapa na watu walioketi kwa sababu nyingine: wasafiri, wauza duka, wasusi na wateja wao, wagonjwa katika foleni, vijana wasio na kazi. Bibi wa kituo cha mabasi aliiona televisheni kwa sababu basi lilichelewa. Mtayarishaji wa Dar es Salaam angefaa kulijua hilo.

Kusini tulichelewa kupata karibu kila chombo cha habari isipokuwa redio. Daraja la Mto Rufiji lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo masika yaliweza kuikata Mtwara na nchi nyingine, na gazeti likafika likiwa limezeeka. (Mkapa mwenyewe, mtoto wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri wa magazeti na mwanzilishi wa Shirika la Habari, SHIHATA, mwaka 1976, kabla ya kuwa Rais.) Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata wakati wa urais wa Mkapa. Hapo katikati, Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa baraza la nchi nzima. Watu wa umri wetu wanakumbuka "Mazungumzo baada ya Habari", "Mama na Mwana", "Pwagu na Pwaguzi" na "Ugua Pole". Katika "Ugua Pole" aliyetajwa jina lake hewani alikuwa mgonjwa wa kitandani, na waliomtaja walikuwa ndugu zake. Hakuna aliyehitaji kuwa mashuhuri ili atajwe.

Miongoni mwa vipindi vya mazungumzo vya televisheni ya Bara, kimoja kinastahili kusimama juu ya vingine kwa upande wa fani, nacho ni "Mkasi", kilichorushwa na kituo cha EATV tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 kikiongozwa na Salama Jabir. Hakikuwa kipindi cha mchana kwa maana ya Mike Douglas, lakini hoja yetu haidhuriki. Walichofanya waandaaji ni kumtoa mgeni katika kochi la studio na kumweka katika duka la kinyozi. Tunathubutu kusema kuwa huo ulikuwa ubunifu wa kweli. Kwa kinyozi ndiko kwenye baraza la mjini siku hizi. Watu hukaa wakingoja zamu, husema bila kutumwa, hubishana juu ya mpira na siasa, na tajiri huinamisha kichwa mbele ya wembe sawasawa na maskini. Mandhari peke yake ilikuwa imekwisha kusema kuwa umashuhuri umevuliwa mlangoni.

Tena mwongozaji mwenyewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliuliza maswali makavu, akacheka pale ambapo wengine wangeona haya, akamrudisha mgeni kwenye swali alilolikwepa. Wako waliomlaumu kwa kukosa adabu. Sisi tunaona kwamba walioshtuka walisahau kuwa utamaduni wetu una nafasi rasmi ya mtu wa namna hiyo, naye ni mtani. Mtani humwambia mkubwa neno ambalo ndugu yake haliwezi. Huweza kumnyang'anya kofia, kumwita mwizi mbele ya wakwe zake, na mkubwa hana haki ya kukasirika.

Lakini utani una sheria mbili ambazo televisheni haijazichukua. Ya kwanza, utani hurudishwa. Anayetaniwa leo atatania kesho, na wote wawili wanajua. Mgeni wa kipindi hana kesho. Akitoka katika kiti kile, mwongozaji atamhoji mwingine, na hakuna kipindi kitakachomkalisha mwongozaji apate kuulizwa yeye. Sheria ya pili ni nzito zaidi: mtani ndiye anayekuja kusaidia katika msiba wako. Uhuru wake wa kukucheka umelipiwa na wajibu huo. Nani katika tasnia ya mazungumzo amelipia uhuru wake? Hatusemi kwamba waongozaji hawa ni watu wabaya. Wengine tumewaona wakiwachangia wasanii wagonjwa. Tunasema kuwa fani yenyewe haiwadai kitu, na palipo na uhuru usiodaiwa, ndipo utani hugeuka umbea.

Tukiiacha "Mkasi", tunafika kwenye vipindi vya asubuhi na mchana vinavyowalenga wanawake, kama "Leo Tena" ya redio ya Clouds FM na vingi vya televisheni vilivyofuata mwelekeo huohuo. Hapa mtangazaji amechukua cheo cha kungwi. Hufundisha namna ya kuishi na mume, namna ya kumtambua mwanamume mwongo, namna ya kustahimili na namna ya kuondoka. Hatudharau mafunzo hayo. Tumesikia mengine yaliyokuwa na busara, na tunajua wanawake waliopata humo ujasiri ambao majumbani mwao hawakuupata. Ila kungwi wa unyago alikuwa na jambo moja ambalo kipaza sauti hakina, yaani mwari wake alimjua. Alimweka ndani kwa siku nyingi, akampima umri na akili, kisha ndipo akasema neno, tena mara nyingi kwa wimbo na fumbo ili mwari alibebe alielewe baadaye. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, aliijua vizuri kazi hiyo. Dunia ilimpigia makofi kwa taarabu, lakini ngoma yake ya unyago ilikuwa ni shule. Kungwi wa mchana husema neno lilelile kwa mwari, kwa mama wa watoto sita na kwa mtoto wa darasa la tatu aliyerudishwa nyumbani kwa homa, wote kwa pamoja.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo, kwa mtu wa Uwanda wa Makonde, ndilo kiini cha mjadala huu. Jando linapokwisha na vijana wanaporudishwa kwa mama zao, hutoka midimu, wachezaji waliovaa vinyago vya mti mwepesi usoni, mwili mzima umefichwa kwa nguo. Kinyago hucheza, hutisha, huchekesha, huiga watu, na kijiji kizima humfuata. Huyo ndiye msanii mkubwa wa mwaka. Naye hana jina. Hata kama watu wazima wanaijua miguu yake na namna anavyotupa bega, hakuna anayemtaja. Akitajwa, ngoma imevunjika. Sifa yote huiendea ngoma, na aliyeicheza hurudi shambani kesho yake kuwa mtu kama watu.

Kipindi cha mazungumzo kimejengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa na hiyo. Kinaamini kuwa msanii amevaa kinyago, na kwamba kazi ya mwongozaji ni kukivua ili watazamaji wauone uso "halisi". Je, hukivua kweli? Tumetazama mazungumzo mengi, na kila mara tuliona kinyago kimoja kikivuliwa ili cha pili, kilichochongwa kwa ajili ya mahojiano, kionekane: kijana aliyetoka katika shida, anayempenda mama yake, asiye na kinyongo na mtu. Machozi yenyewe hujulikana yatakuja wapi. Watu wa midimu walikuwa wakweli zaidi, kwa kuwa walikubali hadharani kwamba kinyago ni kinyago.

Hasara inayotokana na kuvuana vinyago ni kuwa kazi ya sanaa husahauliwa. Katika mazungumzo mengi mno mwanamuziki huulizwa kila kitu isipokuwa muziki. Hatujasikia aulizwe kwa nini ubeti wa pili una mizani mingine, wala ngoma ile aliipata wapi. Wimbo wenyewe huja mwishoni, nao mara nyingi ni santuri inayochezwa huku mwenyewe akitikisa midomo. Hapa tunakiri kuwa sisi ni wazee na tumezoea mengine. Bendi zilizorekodi Redio Tanzania zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, mwimbaji na magitaa na saksafoni, na aliyekosea aliwaharibia wote.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Rajabu Abdul Kahali, ajulikanaye kama Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi mkoani Mtwara. Alivuma mwaka 2015 kwa wimbo "Aiyola" akiwa chini ya WCB ya Diamond Platnumz, akaondoka huko mwaka 2019, akaanzisha Konde Music Worldwide. Tulimshangilia hapa, na kwa sababu nzuri: wakati ulikuwapo ambapo Mmakonde mjini Dar es Salaam alitajwa kwa mzaha tu, kama mlinzi wa lango au mla panya, na kijana huyu akalichukua jina la Konde akalifanya bendera. Hilo ni tendo la utamaduni, tena kubwa. Lakini katika mazungumzo yote tuliyopata kuyasikia, maswali yalihusu ugomvi wa kuondoka kwake na mambo ya wapenzi. Hatukusikia hata mmoja aliyemwuliza kama aliwahi kusimama kando ya duara la sindimba akiwa mtoto, na kama mdundo ule umo kokote katika muziki wake. Pengine haumo. Jibu la "haumo" lingekuwa na thamani vilevile kwa mwanafunzi wa muziki, maana lingetuonyesha ni wapi kamba ilipokatika.

Sindimba yenyewe ina kisa cha kutufundisha. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kuwa wasomi waliweza kucheza rumba na dansi ya Kizungu ilhali ngoma zao wenyewe hawazijui hata kwa majina. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na sindimba ikawa miongoni mwa ngoma zilizopata umaarufu nchini kote. Tulifurahi. Kisha tukaona jinsi ngoma yenye mwanzo, katikati na mwisho, na watu wanaostahili kuicheza, ilivyofupishwa jukwaani mpaka ikabaki viuno. Taifa zima likaijua sindimba, na likaijua vibaya. Kwa hiyo hatuwezi kuilaumu televisheni peke yake kwa kosa ambalo sisi wa utamaduni tulilifanya kabla yake, tukiwa na nia njema na bajeti ya serikali.

Wako watakaosema kwamba fani ya kigeni haifai, itupwe. Historia ya Masasi yenyewe inawapinga. Askofu Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakulipiga marufuku jando kama wamisionari wengine. Alilichukua pamoja na kambi yake, akaingiza humo mafunzo ya Kikristo. Mtu anaweza kubishana hadi usiku kama alifanya vyema, na wazee wengi wamebishana. Lakini alituonyesha kuwa fani ni chombo, na chombo huweza kubadilishwa kilichomo. Kama mgeni aliweza kulifanyia hivyo jando letu, sisi tunashindwaje kukifanyia hivyo kiti na kamera?

Na kamera si mgeni wa jana hapa. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema, akirekodi nyimbo na kupiga picha za ngoma. Kwa hiyo mtu wa Newala aliimba mbele ya chombo cha kunasa sauti miaka mingi kabla ya miji mingi ya Afrika kuwa na redio. Sauti zile zilikwenda Ujerumani. Sasa chombo kiko mfukoni mwa kila mwanafunzi mwenye simu.

Kwa kuamini hivyo, tuliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya Masasi kazi ya kutengeneza kipindi chao cha mazungumzo. Masharti yalikuwa matatu: mgeni awe mtu wa kata yao, swali la kwanza liwe la mjomba wake, na nusu ya muda iwe ya kazi yake. Makundi mengine yalituletea porojo, tena porojo za kuiga. Kundi moja lilimwalika mzee mchonga vinyago, ambaye watu wote wa mtaa walisema kwamba katika ujana wake hakukuwa na midimu bila yeye. Aliwajibu juu ya mjomba wake kwa robo saa nzima. Aliwaonyesha mti, patasi, na namna ya kuutoboa usoni bila kuupasua. Ndipo mwongozaji, binti wa miaka kumi na sita mwenye kalamu sikioni kama mtangazaji, akamwuliza waziwazi kama ni kweli yeye ndiye aliyekuwa akicheza.

Mzee aliitazama simu iliyokuwa ikimrekodi. "Uliniona?" akamwuliza.

Binti akasema hapana, yeye alikuwa hajazaliwa.

"Basi mwulize aliyeniona," akasema mzee, akaichukua ngoma iliyokuwa imeegemezwa ukutani, na muda uliobaki wa kipindi akapiga.

Wanafunzi walitaka kuifuta sehemu ile kwa kuwa mgeni hakujibu swali. Tuliwaomba waiache.